Maiti Asiye na Kiazi

Msiniulize nilipanda nini wala nilishukia wapi. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja nilijikuta mbele ya lango la Mji wa Wenyewe, mkoba wangu wa ushonaji begani, na niliyoyaona ndani yake nitayasema kama yalivyo. Asiyeamini asiamini. Mimi niliyekuwepo, bado siamini vizuri.

Jina langu Sikudhani binti Mbwana, fundi cherehani. Kwa miaka thelathini nimeshona sare za harusi, sare za ngoma, sare za misiba na za vikundi vya kufa na kuzikana. Nimeona akina mama watu wazima wakinuniana mwaka mzima kwa sababu mmoja wao alishona kitenge cha shughuli mikono mirefu, na wenzake walikubaliana mifupi. Kwa hiyo mambo ya vikundi si mageni kwangu. Nilijiona nimeyamaliza.

Langoni alikaa karani mwembamba, Bwana Makungu, na kitabu kikubwa mezani pake. Nikamwamkia kwa adabu, habari za asubuhi, baba. Hakuitikia.

"Wa nani?" akauliza.

"Sikudhani, binti Mbwana."

"Sijakuuliza jina. Nimekuuliza, wa nani?"

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu, "Wa Mungu, baba, kama wewe."

Akalamba kidole, akafunua kitabu, akashuka na ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Kisha akaniinulia macho. "Wa Mungu hawamo humu. Mko wangapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanikatia kipande cha kitambaa cha kijivu, akaniambia nikifunge mkononi, maana kijivu ndiyo rangi ya mgeni. Sisi kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao siku ya tatu humpa sahani. Kabla jua la siku hiyo halijazama, mgeni awe amechagua kundi la kula nalo, la sivyo anatolewa mjini.

Makundi ya mtaa ule niliofikia, unaoitwa Bombani, yalikuwa mawili: Wa Kiazi na Wa Bila. Nilipouliza bila nini, walinitazama kana kwamba nimeuliza maji ni nini. Zamani, walinieleza, mtaa mzima ulikuwa na chama kimoja cha kuzikana, kikiitwa Umoja. Ikaja karamu, likaletwa pilau. Mmoja akasema pilau lisilo na kiazi ni wali wa mgonjwa. Mwenzake akamjibu kwamba kiazi ndani ya pilau ni uhaba wa nyama uliovishwa nguo. Watu wakacheka. Mmoja hakucheka. Kufikia jioni chama kilikuwa kimevunjika vipande viwili, na kila kipande kikasema chenyewe ndicho Umoja.

Mnacheka nyie. Hata mimi siku ya kwanza nilicheka.

Wa Kiazi huvaa njano. Wa Bila huvaa nyeupe. Bombani pana bomba moja la maji, na foleni mbili. Niliona kwa macho yangu foleni ya njano ikiwa ndefu mpaka kwenye duka la mkaa, na ile nyeupe haina hata ndoo. Maji yalikuwa yanamwagika bure, maana ilikuwa saa ya Wa Bila, na hakuna wa njano aliyethubutu kukinga. Mama mmoja wa njano alikuwa na mtoto mgongoni analia kwa kiu. Nikamwambia, "Dada, si ukinge kikombe kimoja tu?" Akaniambia kwa upole, kama anayemfundisha mjinga, "Mgeni, hayo si maji yetu saa hizi."

Siku ya pili nilipita kwa kinyozi. Mteja kakaa kitini, kitambaa shingoni, mazungumzo yamekolea, kichwa kimenyolewa nusu. Katika maneno yake mteja akasema jana kwao walikula pilau, na kiazi kilikuwa kimeiva vizuri. Kinyozi akazima mashine. Akamfungua kitambaa, akamkung'uta nywele kwa heshima zote, akamwonyesha mlango. Na yule mteja, mama yangu wee, akainuka na nusu kichwa chake akaomba radhi! Kosa ni langu, akasema, nilikuwa nimevaa koti juu ya njano. Nilimfuata mpaka njiani kumuuliza kama hakasiriki. Akaniambia kama kinyozi asingemfukuza, yeye mwenyewe asingemheshimu tena kinyozi huyo.

Hapo ndipo kicheko kilianza kunikauka.

Jioni ile niliketi barazani kusikiliza mjadala. Hoja ilikuwa hii: mtu aliyekula wali uliogusana na kiazi, lakini kiazi chenyewe hakukila, je, amekula kiazi? Wakajadiliana muda mrefu, kwa hekima kubwa, watu wazima wenye mvi na miwani. Alikuwepo Mkaguzi wa Sahani, ambaye kazi yake ni kuingia nyumba za watu wakati wa chakula na kuinamia sahani zao. Alitoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mchuzi. Mwisho waliamua kwamba jambo hilo linahitaji kamati mbili, moja ya njano na moja ya nyeupe, na kwamba kamati hizo zisikutane.

Sasa niwaambie nilikolala, maana huko ndiko hadithi yenyewe ilipo. Nyumba pekee iliyoruhusiwa kumpokea mtu wa kijivu ilikuwa ya wapishi, Bi. Siwema na mumewe, Bwana Feruzi. Hawa hawakuwa na kundi. Sheria ilisema mpishi hana upande, kwa sababu karamu za mtaa lazima zipikwe, na mpishi wa njano asingeaminika na nyeupe, wala wa nyeupe na njano. Miaka ishirini na sita walikuwa wamepika kila harusi na kila msiba wa Bombani. Bi. Siwema alishika viungo, Bwana Feruzi moto. Yeye pia alikuwa akiziba masufuria ya mtaa mzima yaliyotoboka, kazi aliyoifanya kibarazani huku akipiga mluzi.

Walikuwa watu wa kukaa nao, nakwambieni. Bwana Feruzi alinitania tangu nilipoweka mkoba chini. "Fundi," aliniambia, "siku ya tatu ukishindwa kuchagua, sema wewe ni wa ukoko. Hakuna aliyewahi kuugombania." Mkewe akamrushia kitambaa cha jikoni. Bwana Feruzi alikuwa na kikohozi kidogo. Hakuna aliyekitilia maanani, hata yeye.

Siku ya tatu asubuhi alikuwa anakoka moto. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni. Akajishika kifua, akakaa chini taratibu, akaegemea ukuta. "Siwema," akasema, "moto umeshika." Mkewe akageuka kumjibu, na wa kujibiwa hakuwepo tena.

Bi. Siwema akapiga ukelele uliofika mwisho wa mtaa. Kwetu ukelele wa namna ile hujaza ua kabla hata hujafuta machozi. Huyu anakuja na mkeka, yule na ndoo, wanaume wanauliza jembe liko wapi. Nikaenda mlangoni kuwapokea watu. Na kweli walikuwa wamekuja, wengi, njano upande huu wa njia na nyeupe upande ule. Walikuwa wamesimama. Wengine wanalia kabisa. Hakuna aliyevuka kizingiti.

"Karibuni ndani jamani, pana msiba!" nikawaambia.

"Tumesikia, dada," akajibu mama mmoja mnene wa njano, Bi. Saumu, kiongozi wa Wa Kiazi. "Lakini maiti ni wa nani?"

"Wa nani vipi? Ni Bwana Feruzi!"

"Jina lake tunalijua. Ni wa nani?"

Hivyo ndivyo nilivyoelezwa sheria, pale mlangoni, maiti bado ana joto. Huko kwa Wenyewe mtu haogeshwi, hashonewi sanda wala hachimbiwi kaburi mpaka kundi lake lisimame na kutamka maneno mawili: ni wetu. Makaburi yana mageti mawili. Asiyetamkiwa mpaka alasiri huchukuliwa na mkokoteni wa mji, akatupwa katika Shimo la Wasio na Mtu, nyuma ya jaa, pasipo na jina wala alama. Na ule msamaha wa mpishi? Nikauliza. Bi. Saumu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Msamaha ule, akasema, ni wa sufuria. Haufiki kaburini.

Niliporudi ndani Bi. Siwema alikuwa amemlaza mumewe, amemfunika kanga yake. Alikuwa amesikia yote. "Mdogo wangu," akaniambia, "mimi sitaki ubani, sitaki arubaini, sitaki hata watu wengi. Nataka Feruzi azikwe na jina lake, nijue kalala wapi. Hilo tu. Ni kubwa hilo?"

Nikamwambia si kubwa. Nilikuwa bado sijaujua ule mji.

Shauri lilisikilizwa adhuhuri katika ua wa Ofisi ya Wetu. Bwana Makungu, ambaye asubuhi ni karani wa lango na mchana ni karani wa ofisi, alikaa na kitabu chake kilekile. Njano walikaa kushoto, nyeupe kulia. Bi. Siwema akasimamishwa katikati, na mimi nikasimama naye, hakuna aliyeniita.

Kiongozi wa Wa Bila, Bwana Kheri, mzee nadhifu mwenye fimbo, ndiye aliyeanza. "Tumsaidie mjane," akasema. "Bibi, marehemu alikula nini mwisho?"

"Uji," akajibu Bi. Siwema.

Ukazuka mnong'ono pande zote mbili. Uji! Bwana Kheri akafikiri. "Uji wa nini?"

"Wa mchele."

"Mchele," akarudia, na nikaona nuru ikimwingia usoni. "Mchele bila kiazi?"

"Jamani, uji hauwekwi kiazi!" nikapiga kelele.

"Mgeni anyamaze," akasema Bwana Makungu, akaandika jambo.

Bi. Saumu naye akapinga. Akasema ikiwa kila anayekunywa uji wa mchele ni wa Bila, basi watoto wote wachanga wa njano wameibwa. Wakaligeuza hilo huku na huku. Jua likawa linasogea. Mimi nilikuwa nakitazama kivuli cha ukuta, na kila kilipovuka jiwe moja moyo wangu ulikuwa unashuka.

Kisha wakaja mashahidi, na hapo ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa, maana sijawahi kusikia maiti akisifiwa vile. Mmoja alisema Feruzi alimzibia sufuria ya uji wa mkewe aliyejifungua bila kumwambia lete chochote. Mwingine alisema Feruzi alimbebea mama yake mgonjwa mgongoni wakati wa mafuriko. Akaja Chande, muuza mkaa, mtu wa makamo mwenye fulana nyeupe iliyokuwa nyeusi kwa kazi. Huyu alishindwa hata kuanza. Alisimama akalia mpaka mabega yakamtikisika. "Alikuwa kama baba kwangu," akasema. "Kila asubuhi nampelekea mkaa, kila asubuhi ananipa chai. Mtu mwema sana." Akajifuta uso, akageukia upande wa njano. "Mwenzenu yule alikuwa mtu mwema sana."

Mwenzenu! Wote walimaliza hivyohivyo. Njano walimlilia wakimwita mwenzenu kwa nyeupe, nyeupe wakamrudisha kwa njano. Kwetu neno hilo ni la kuashiria tu. Kule nililiona likisukuma maiti kama mguu unavyosukuma mbwa mlangoni, taratibu, bila kumuumiza.

Bi. Siwema akachoka. "Basi!" akasema. "Kama hamumtaki, ni wangu. Andika, Makungu. Feruzi ni wangu."

Bwana Makungu akaweka kalamu chini. Nadhani hata yeye alimwonea huruma. "Bibi," akasema, "wangu haiandikiki. Kitabu kina safu ya wetu tu. Mtu mmoja hana mtu."

Nilimwona Bi. Siwema akivuta pumzi. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliyeshika mfuniko wa moto na ameamua kutouachia.

"Haya," akasema. "Nilikuwa nimwachie Mungu siri hii, lakini nyie mmenilazimisha. Mnajua kwa nini Feruzi si wa Kiazi wala si wa Bila? Kwa sababu hakuna Kiazi na hakuna Bila. Miaka ishirini na sita mmekula sufuria moja."

Vichwa vyote vikamgeukia Bi. Siwema.

"Sufuria mbili za karamu zingetaka kuni mara mbili na mikono minne. Sisi tulikuwa wawili. Tukapika moja, na viazi ndani. Ikifika kupakua, Feruzi anachukua upawa, anachopoa viazi vyote, anajaza sinia za nyeupe. Halafu anavirudisha, anajaza za njano. Wali ni uleule. Mchuzi ni uleule. Harusi yako, Bi. Saumu. Msiba wa baba yako, Bwana Kheri, ulipomwaga machozi ukasema hili ndilo pilau safi la mababu. Lilikuwa na viazi dakika tano kabla. Mlikuwa mnakula chungu kimoja, mkishiba, mkishukuru. Sasa njooni mmbebe mwenzenu."

Nawaambia ukweli, nilitaka kupiga vigelegele. Nilijisemea, imekwisha! Watacheka. Wataona haya, watakumbatiana, watambeba Feruzi kwa mageti yote mawili. Mtu mwenye akili zake angefanya nini tena?

Bi. Saumu aliweka mkono mdomoni, akakimbilia ukutani, akatapika. Bwana Kheri alikuwa ameiegemea fimbo yake na midomo inamcheza. Kisha, kwa mara ya kwanza, nasikia, katika miaka mingi kuliko umri wa wengi wao, mtu wa nyeupe akavuka ua kwenda kwa njano. Alikuwa ni yeye Bwana Kheri. Akampa Bi. Saumu leso yake.

"Dada," akamwambia, "wametufanya nini sisi?"

"Sisi!" akalia Bi. Saumu. "Sisi sote, kaka yangu! Wametudhulumu sote!"

Basi ukafumuka ua mzima. Njano na nyeupe wakashikana mabegani. Watu wa nyumba zinazotazamana, ambao hawajawahi kupeana moto wa jiko, walikuwa wanaliliana shingoni. Wazee wawili ndugu wa tumbo moja, waliotenganishwa na kiazi tangu ujana, walikumbatiana wakawa hawaachani, na mimi mwenyewe machozi yalinitoka, Mungu anisamehe, kwa sababu lilikuwa jambo zuri kulitazama. Mtu akapanda juu ya benchi akatangaza chama kipya. Jina lake Waliodanganywa. Kila mtu aingie, bila ubaguzi, wa kiazi na wa bila, wazee kwa watoto. Wakapiga makofi. Hapohapo wakapitisha azimio la kwanza kwa kauli moja, mikono yote juu, hata ule wa Chande muuza mkaa ulipanda, polepole, lakini ulipanda: kwamba mpishi yule na maiti wake si wetu.

Si wetu. Walilitamka pamoja, sauti moja, wakafurahi jinsi lilivyopatana. Kisha wakatoka kwa nyimbo kwenda kusherehekea umoja wao bombani, kwenye foleni moja.

Nilibaki nimeduwaa. Mkoba uliniteleza begani ukaanguka, sindano zikamwagika, sikuinama kuziokota. Nimeona watu wabaya maishani. Sikuwahi kuona watu wazuri namna ile wakifanya vile, na wakitokwa na machozi ya upendo.

Uani tulibaki watatu: Bi. Siwema aliyekaa chini kwenye vumbi, mimi, na Bwana Makungu aliyekuwa anafunga kitabu. Nje nikasikia magurudumu. Mkokoteni wa mji ulikuwa umeshafika kona, unakwenda nyumbani kwa wapishi.

"Subiri," nikamwambia karani. "Mtu mmoja hana mtu, umesema. Wangapi ndio wetu?"

"Wawili," akajibu. "Sheria inasema wawili."

"Basi hesabu. Mimi mgeni, leo ni siku yangu ya tatu, natakiwa nichague. Nachagua kuwa na huyu. Tuko wawili. Feruzi ni wetu."

Bi. Siwema aliinua kichwa, akaushika upindo wa gauni langu kwa mikono miwili. Bwana Makungu alinitazama, akalitazama jua, akafungua kitabu. Nadhani alifurahi, kwa kadiri karani anavyoweza kufurahi. Akachovya kalamu.

"Jina la kundi?"

"Feruzi," akasema Bi. Siwema.

Akaandika. "Mahali? Bombani. Wanachama? Wawili. Nani haruhusiwi kuingia?"

"Hakuna," nikasema. "Aingie yeyote."

"Safu hii haiachwi wazi, dada. Kundi lisilomzuia mtu si kundi, ni barabara. Siwezi kupiga mhuri. Andikisha mmoja tu, yeyote."

Mkokoteni ulikuwa umesimama. Nikasikia mtu akigonga mlango wa nyumba kule chini. Bi. Siwema alikuwa ananitazama, midomo wazi. Na kutoka bombani nyimbo zinakuja, vicheko, makofi, umoja, umoja. Hasira ikanipanda kutoka nyayoni. Sijui kama mmewahi kuwa na hasira tamu. Ile ilikuwa tamu.

"Andika wote," nikasema.

"Wote?"

"Wote wa mtaa huu. Asiingie hata mmoja. Andika!"

Akaandika, akapiga mhuri. Nikakimbia na karatasi, nikauwahi mkokoteni mlangoni. Msukumaji aliusoma mhuri, akashusha mikono, akatuachia chombo chake tumbebee, maana hilo sheria iliruhusu. Tukamwogesha sisi wawili. Nilimshonea sanda kwa mkono, mishono midogomidogo, mizuri kuliko yote niliyowahi kushona. Tukamsukuma mpaka makaburini, wanawake wawili, tukaonyeshwa kipande cha ardhi kati ya mageti mawili, kigumu kama saruji. Hatukuwa na jembe. Tulianza kwa mwiko wa pilau na vidole. Bi. Siwema ana umri wa miaka sitini na tisa. Tulipokuwa tumefika kina cha goti kucha zake zilikuwa zinatoka damu, na jua limebakisha kidogo.

Ndipo nikasikia mtu akikohoa nyuma ya uzio. Alikuwa Chande muuza mkaa. Ameivua fulana yake nyeupe, yu kifua wazi, jembe begani. Uso wake umevimba kwa kulia.

"Shikamoo, Bi. Siwema," akasema. "Mimi niliinua mkono kule. Niliinua. Nimeshindwa kukaa. Naomba nimchimbie."

Bi. Siwema aliinuka, akajifuta mikono kwenye kanga. Sijui kama nitaweza kuusahau uso wake. Ulifunguka. Akanyoosha mkono kumpokea.

Bwana Makungu, aliyekuja kushuhudia maziko kama kazi yake inavyomtaka, akakohoa kidogo, akafungua kitabu. "Haruhusiwi," akasema. "Wameandikwa wote."

"Hata mimi?" akauliza Chande.

"Wote ni pamoja na wewe."

"Futa!" nikamwambia. "Nilikuwa na hasira. Huyu siye niliyemkusudia. Futa, muandike mwingine yeyote, niandike mimi!"

"Dada, safu hiyo ikiguswa baada ya mhuri, kundi limevunjika. Kundi likivunjika maiti hana mtu, na mkokoteni ule pale." Akatazama jua, kwa huruma, kama alivyolitazama mchana. "Sema. Aingie, au abaki?"

Chande alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya uzio. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ile sanda. Bi. Siwema naye alinigeukia tu, akangoja, kwa sababu mimi ndiye niliyeandikisha.

Nikalifuta jasho machoni. Nikasogea mpaka kwenye uzio, nikamwekea kiganja changu kifuani, na kwa mdomo wangu mwenyewe nikamwambia, "Rudi nyumbani, kaka. Huyu ni wetu."